Mbuzi wa Malume na Maua ya Amma

"Wewe msomi, hebu tusaidie. Mbuzi akinyamaza, amekataa au ameshiba?"

Aliyeniuliza alikuwa mzee mwenye koti la suti na mkuki mfupi mkononi, na watu wote waliojaa uani wakageuka kunitazama. Nilikuwa na shahada ya falsafa. Nilikuwa nimeandika tasnifu nzima kuhusu namna binadamu anavyojua anachodai kujua, na msimamizi wangu aliisifu kwa ujasiri wake. Mbuzi naye alinitazama, huku anatafuna.

Wakati huo nilipanga nyuma ya nyumba ya Gogo, juu ya viwanda vya Mobeni, Durban, mahali ambapo ukiamka unajua upepo unavuma kutoka wapi kwa kunusa: biskuti, rangi, au kitu ambacho hakuna aliyewahi kukitambua. Chumba changu kilijengwa kiwe banda la gari, ila gari halikuwahi kununuliwa. Kila siku nilikwenda Westville kusoma shahada ya pili, nikibadilisha taksi, kama wanavyoita hapa daladala, mara mbili, kwa sababu vyumba vya karibu na chuo vilikuwa vya watoto wenye magari. Gogo ni bibi kwa Kizulu. Alianza kudai aitwe hivyo siku mjukuu wake alipozaliwa, na alidai kama mtu aliyepandishwa cheo kazini.

Tulizungumza kwa Kizulu changu kibovu na Kiingereza chake cha kiwandani. Humu ndani ya hadithi wote wanasema Kiswahili, na wanakisema vizuri kuliko mimi nilivyosema Kizulu.

Gogo alikuwa Mzulu wa ukoo unaojulikana, na alikuwa akimwabudu Amma, yaani Mama, mungu wa kike ambaye Wahindi wa Kitamil walikuja naye Durban walipoletwa kukata miwa. Hakuolewa na Mhindi. Hakuna aliyemlazimisha. Alipokuwa msichana katika kiwanda cha biskuti alishikwa na tetekuwanga, na mwenzake wa kwenye mashine, msichana wa Kihindi, akamwambia kwamba magonjwa ya vipele ni ya Amma, twende tukamwombe. Walikwenda, akapona. Nilimweleza Gogo kwamba tetekuwanga hupona yenyewe. Akasema anajua, ila yeye hakupenda kuondoka bila kuaga, ndiyo maana amekuwa akirudi hekaluni miaka yote hiyo.

Yule mwenzake wa kwenye mashine ndiye aliyekuwa jirani yetu. Zamani sheria haikuwaruhusu kuishi mtaa mmoja. Sheria ilipokufa, Gogo alinunua nyumba iliyopakana na ya rafiki yake, na tangu hapo wamekuwa wakigombana juu ya ukuta kila asubuhi, kwa raha zao. Sisi wengine wote tulimwita Anti.

Sebuleni kwa Gogo palikuwa na kimeza kimoja. Juu yake palikaa picha ya Amma aliyepanda simba, na picha ya marehemu mume wake akiwa na joho jeupe la kanisa lake. Mbele yao palikuwa na kisahani. Asubuhi Gogo aliwasha kafuri kwa ajili ya Amma, na kwenye kisahani hichohicho akachoma majani makavu ambayo Wazulu huwafukizia mababu. Moshi ulikuwa mmoja. Niliwahi kumuuliza kila mmoja anajuaje moshi wake ni upi. Akaniuliza kama chuoni ndivyo tunavyoshinda.

Mkono mmoja alivaa uzi wa manjano wa hekaluni. Mkono wa pili, pakiwa na shughuli ya ukoo, alivaa kipande cha ngozi ya mbuzi mpaka kikauke na kukatika chenyewe. Nilikuwa na umri ule ambao mtu hawezi kuona vitu viwili vimekaa pamoja kwa amani asiende kuvichokonoa. Kwa hiyo jioni moja nilimweleza, kwa upole na kwa mantiki, kwamba mtu hawezi kuwa Mhindi kwa dini na pia mtu wa mababu, kwa sababu madai ya pande hizo mbili yanapingana, hivyo achague.

"Ntombi," aliniambia, yaani msichana. "Simu yako ina laini ngapi?"

Mbili, nikasema.

"Nani amekuambia uchague?"

Nikamwambia laini mbili ni za kukwepa gharama. Akasema, haswa, na akaendelea kuchambua maharage.

Nami sikuwa mtu wa kusimama mbali na kucheka. Kwetu Songea tulikuwa Wakatoliki wa mstari wa mbele, na babu yangu aliyekuwa katekista alimwaga pombe kidogo kwenye kaburi la baba yake kabla ya kwenda misa. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kama padri anajua. Alisema padri hajauliza. Nadhani ndipo nilipoamua kuwa mtu wa kuuliza.

Basi, Pasaka ikakaribia, na hapo ndipo mambo yalipogongana.

Mjukuu wa Gogo alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kiasi kwamba baba wa kitanda cha jirani aliyekuja kumtazama mwanawe alivua kofia. Alikaa muda mrefu kwenye sanduku la kioo hospitalini. Gogo alimwahidi Amma kwamba mtoto akipona, yeye atakanyaga moto. Hapa Durban, siku za Pasaka, kwenye mahekalu ya Amma, watu hufunga siku kadhaa, kisha hupita pekupeku juu ya makaa. Mtoto alipona. Kufikia Pasaka ile alikuwa na mashavu, na tabia ya kuvuta nywele za wageni. Ahadi ilikuwa ya Jumapili, katika hekalu dogo la bati lililo kando ya kijito, chini ya mtaa wetu.

Masharti ya mfungo yalikuwa makali. Nyumbani kusiwe na nyama, yai, pombe, wala damu kumwagika uani. Na kwa kuwa banda langu lilikuwa uani, nami nikajikuta nimefunga kwa ajili ya mungu nisiyemwamini. Nilipinga kimya kimya. Kwenye kona, chini ya robot, kama wanavyoita hapa taa za kuongozea magari, palikuwa na mama anayechoma soseji. Nilikula soseji zangu pale, nje ya mipaka ya dini, nikapiga mswaki kwa maji ya chupa, kisha nikarudi nyumbani nikiwa mtakatifu.

Lakini mtoto huyohuyo alikuwa bado hajatambulishwa kwa mababu. Kwa Wazulu mtoto huchinjiwa mbuzi ili waliotangulia wamjue, na kwa kuwa binti yake Gogo hakuolewa, kazi hiyo ilikuwa ya upande wa mama. Mwenye kazi alikuwa kaka yake Gogo, ambaye wote tulimwita Malume, yaani mjomba. Aliishi bara, kwenye vilima, na mbuzi zake. Wazee wa ukoo walishaamua: Jumamosi ya Pasaka, maana ndiyo siku ambayo kila mtu ana likizo. Taksi ya kuwaleta ilishakodiwa.

Kwa hiyo Jumamosi damu, Jumapili moto. Damu ikimwagika Jumamosi, Gogo hakanyagi moto Jumapili, na ahadi aliyoitoa juu ya uhai wa mtoto inavunjika. Wazee wakigeuzwa Jumamosi, Malume anakuwa mwanaume aliyewaambia mababu wasubiri kwa sababu dada yake ana miadi na Wahindi. Mtoto mwenyewe, ambaye wote walitaka kumshukuria, alikuwa akijaribu kula kiatu changu.

Malume alifika Ijumaa mchana na pikapu yake, na mbuzi nyuma. Alikuwa mbuzi dume mweupe, mwenye ndevu za profesa wangu wa mantiki. Malume hakuingia. Alisimama getini na kusema kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka kwenye maghala ya Mobeni kwamba ameleta mbuzi. Gogo akatoka na kanga yake ya manjano kiunoni, ile niliyomletea kutoka nyumbani, akasimama upande wa ndani.

"Damu ikimwagika uani kwangu kesho, Jumapili sikanyagi moto," alisema.

"Basi usikanyage. Mababu hawapangi foleni nyuma ya Amma."

"Mtoto yuko hai kwa sababu ya nani?"

"Kwa sababu ya hospitali," alisema Malume, na hapo nilimpenda ghafla. Lakini akaongeza, "Na nani alimwelekeza daktari?"

Anti alikuwa ameshapanda kiti upande wake wa ukuta ili asikose neno. Jirani wa ng'ambo alizima redio. Walibishana pale getini mpaka mbuzi akachoka akalala. Kisha Gogo akasema kwamba ukoo wa watu hauanikwi barabarani, na wote wawili wakaingia jikoni wakafunga mlango. Nilitega sikio kwenye banda langu sikusikia kitu. Walipotoka, Malume alikuwa na sahani ya maharage, uso umekunjwa vilevile, na mbuzi akafungwa kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo.

Mchana ule wote mimi, Gogo na Anti tulitunga maua. Ni maua ya manjano na ya rangi ya chungwa, yanayonuka kama duka la dawa, na hutungwa kwa sindano na uzi kuwa mashada marefu ya kupamba mlango wa hekalu. Nilidungwa vidole hadi nikaanza kuhisi nami nina nadhiri. Tulipomaliza, Gogo aliyaweka kwenye mabeseni mawili. Moja aliliingiza ndani. La pili aliliacha uani juu ya kigogo, karibu na nguzo ya nguo, na alipokuwa akilinyunyizia maji nilimwonyesha kwamba mbuzi yupo hapohapo. Akasema maua yanahitaji hewa.

Malume alinieleza utaratibu wa kesho yake, kwa kuwa nilimuuliza maswali mengi na yeye hakuwa na kiti kingine cha kuhamia. Katika ukoo wao, kabla mbuzi hajachinjwa, mkubwa wa ukoo humsimamia, hutaja majina ya waliotangulia, kisha humgusa mgongoni kwa ncha ya mkuki. Mbuzi akilia, wamesikia na wamekubali. Nikauliza, asipolia? Akasema mbuzi hulia. Ndiyo maana huitwa mbuzi na si kondoo.

Jumamosi asubuhi taksi ya wazee ikafika, imejaa, na ndoo za bia ya mtama zikiwa mapajani mwa kina mama. Gogo akawasimamisha. Pombe haiingii. Kukawa na mkutano, na ikaamuliwa kwamba ndoo zibaki kwenye pikapu ya Malume, nje ya geti. Kuanzia hapo, wanaume wa ukoo walianza kuwa na wasiwasi mkubwa juu ya usalama wa magari. Kila baada ya muda mmoja alinyanyuka, akasema anakwenda kuangalia gari, akarudi anafuta mdomo. Nilikutana na mmoja wao chini ya robot, nikiwa na soseji yangu. Tulisalimiana kwa heshima, kama wanadiplomasia wa nchi mbili ndogo.

Rafiki yangu naye akaja. Alikuwa dada wa Kikongo, wa Bukavu, msusi katika saluni moja mjini, mtu wa kanisa la kukemea mapepo kwa kipaza sauti. Nilikuwa nimemtahadharisha kuhusu picha ya Amma. Alinyoosha kiganja chake kama anazuia gari.

"Miye nimekuya juu ya nyama tu," alisema. "Mambo ya mapepo mutamalizana wenyewe."

Alikaa kwenye kiti kilichoipa mgongo sebule, Biblia kwenye mkoba, na akamchukua mtoto mapajani. Mtoto akashika rasta zake, na hiyo ikawa ndiyo ndoa.

Wakati ulipofika, Malume alivaa koti, akashika mkuki, na wazee wakakaa nusu duara. Majani ya kufukiza yakawashwa. Gogo alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kifuani. Nilimtazama nikaelewa kwamba kwangu lile lilikuwa jambo la kuvutia, na kwake lilikuwa deni la uhai wa mtoto. Nilitaka asishindwe. Sikujua hilo litawezekanaje bila Malume kushindwa.

Malume akaanza. Alikuwa na sauti nzuri, sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde. Alitaja babu, na babu wa babu, na sifa za kila mmoja, nani alikuwa mfupi lakini haogopi, nani alivuka mto gani. Akamgusa mbuzi mgongoni kwa mkuki.

Mbuzi alikuwa na shada la maua mdomoni. Sijui alilivuta saa ngapi. Lilikuwa linaingia polepole, ua baada ya ua, kama tambi. Alipoguswa aligeuza kichwa, akamtazama Malume, akaendelea kuvuta.

Mzee mmoja akakohoa. Malume akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi, akiongeza mababu wa upande wa mama. Akamgusa tena. Mbuzi akameza, akapumua, tukakaa tayari, naye akainama akachukua shada la pili.

Mjomba mwingine alijaribu kulichomoa. Wakavutana kidogo. Shada lilikatika, mjomba akakaa chini bila kupenda, na maua yakamwangukia kofiani, akawa amependeza sana. Watoto wakaanza kucheka, wakafinywa. Mama mmoja akasema yale ni maua ya mungu wa Wahindi, na mbuzi wa mababu ameshayala, sasa yeye ni wa nani? Pakazuka mjadala ambao ningelipa kuusikia chuoni. Wengine walisema mbuzi amenajisiwa. Wengine wakasema amebarikiwa. Mzee wa kiti cha mbele alisema mbuzi ni mbuzi, lakini hakusema kwa uhakika.

Ndipo Malume akanigeukia na swali lake. Amekataa au ameshiba?

Nilifungua mdomo. Nikasema kwamba inategemea. Nikasema kwamba kimya kinaweza kuwa na sababu nyingi, na kwamba kabla ya kufikia hitimisho ingebidi tuwe na mbuzi mwingine asiye na maua, wa kulinganishia.

Malume alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wazee.

"Hata chuo kikuu hakijui," alisema, na wazee wakatikisa vichwa kwa uzito.

Anti, aliyekuwa juu ya kiti chake nyuma ya ukuta muda wote huo, akaomba kuruhusiwa kuchangia. Alisema kwamba kwao pia, kwenye mahekalu ya watu wa kawaida, mbuzi huchinjwa, na mtu asidanganywe na vitabu. Hili lilinishtua, maana nilikuwa nimesoma vitabu hivyo. Alisema kwao mbuzi hamwagiwi maneno, humwagiwa maji ya manjano kichwani, yenye majani ya mwarobaini. Akijitikisa mwili mzima, amekubali. Malume akasema hawezi kutumia ya Wahindi kwa mbuzi wa ukoo wake. Kisha akasema lakini kama jirani atamwaga maji kwa bahati mbaya kutoka upande wake, hilo ni jambo la ukuta.

Anti akamwaga. Lilikuwa jagi zima la plastiki, na nusu ya maji ilimpata mjomba mwenye maua. Harufu ya mwarobaini ilinirudisha kwetu, kwenye kikombe cha mama yangu na homa zangu za utotoni. Mbuzi alifumba macho. Maji yakamtiririka kwenye ndevu. Alitafuna.

"Kwetu pia amekataa," alisema Anti.

Rafiki yangu wa Bukavu, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameipa shughuli mgongo, alikuwa amegeuka mzima mzima.

"Uyu mbuzi ameokoka," alisema. "Mumuache."

Nilikalimani. Malume akasimama akiuegemea mkuki wake, akatazama chini kwa huzuni kubwa, akatamka kwamba yeye ni nani hata awalazimishe waliotangulia. Mababu hawakutaka leo. Wamesema kwa kinywa cha mbuzi wao, au kwa kutosema. Watarudi wikiendi ndefu inayofuata, mwishoni mwa Aprili, na mbuzi atakaa hapahapa. Hakuna mzee aliyebisha. Nani ambishie mbuzi?

Gogo hakutabasamu. Alikwenda jikoni moja kwa moja akatoa mikate iliyochimbwa katikati na kujazwa mchuzi wa maharage, mingi sana, na ikawa ndiyo karamu.

"Kumbe iko maharagi," alisema rafiki yangu, akitazama ndani ya mkate wake kama mtu anayetazama kisima. "Nimefunga jana yote, nikakuya kufungua na maharagi." Alikula miwili.

Taksi ilipoondoka, na magari yote yakiwa salama kabisa, mbuzi akaanza kulia. Alilia kwa sauti ya ajabu, akijitikisa kutoka kwenye pembe mpaka mkiani, akifanya peke yake, bila shahidi ila mimi, ishara zote za dini zote mbili. Nilimpelekea ndoo ya maji ili anyamaze. Aliimaliza bila kuinua kichwa. Nikaokota mabaki ya mashada uani, nikakaa kwenye kizingiti changu nikifikiri, na ninapofikiri huwa natafuna kucha. Vidole vyangu vilikuwa na chumvi.

Nilikwenda nikachukua ua lililobaki kwenye beseni la nje, nikalilamba. Hili nalieleza kwa ajili ya sayansi. Lilikuwa na chumvi kama samaki mkavu.

Kesho yake nilikwenda hekaluni na hoja zangu. Nilimweleza binti yake Gogo, huku tukisukumana kwenye umati, kwamba makaa yenye jivu hayapitishi joto haraka, na kwamba mguu ukigusa kwa muda mfupi hauungui. Alisema sawa, na akaniuliza kama nataka kwenda kuonyesha. Ngoma zilikuwa zinapigwa. Nje ya ukuta wa hekalu, karibu na pikapu yake, alisimama Malume, kofia mkononi. Nilimuuliza mbona hajarudi nyumbani. Alisema anaangalia gari.

Gogo alipita akiwa na kinguo kimoja cha manjano cha mtoto kimefungwa kichwani. Hakukimbia. Alipita kama mtu anayekwenda dukani na anajua anachokwenda kununua. Alipofika upande wa pili alikanyaga kwenye maziwa yaliyomwagwa, akageuka kumtafuta mtoto kwa macho, akampata, akamkonyeza. Moshi wa pale ulikuwa mkali, na ulimwingia kila mtu machoni, pamoja na mimi.

Mwishoni mwa Aprili wazee walirudi. Hakukuwa na maua uani. Mbuzi alilia kabla Malume hajamaliza jina la babu wa kwanza, na jioni mtoto alivishwa ngozi mkononi, kando ya uzi wa manjano. Gogo alikula paja. Rafiki yangu alikuja pia, akaomba juu ya sahani yake kwa muda mrefu, akaitakasa, akaimaliza.

Wakati tunaosha sufuria nilimwambia Gogo kwamba niliyaonja maua. Hakushtuka. Alisema si mimi ninayesema siamini ishara, sasa ishara ya chumvi nimeiaminije? Nikacheka, nikaridhika. Nilikuwa nimepata jibu langu: dada mwerevu amemzunguka kaka yake mkali, na dini zimepata nafasi ya kukaa pamoja kwa sababu ya hila ya jikoni. Nilisimulia hadithi hiyo miaka mingi, kwenye kila sherehe, na kila mara nikimwigiza Malume aliyedanganywa mchana kweupe. Watu walikufa kwa kicheko. Nimehamia mtaa wa Morningside, nimeisimulia huko pia.

Mwaka huu nilimpeleka Gogo na mjukuu wake, ambaye sasa yuko shule na ana meno ya kubishana, kwenda kumsalimu Malume vilimani. Amezeeka, koti ni lilelile. Tulipofika mbuzi zake walikuwa mbali, upande wa pili wa bonde. Hakuwaita. Alitia mkono kwenye mfuko wa koti, akautikisa, na wote wakaja mbio. Akatoa kiganja kilichojaa chumvi ya mawe.

Nilimgeukia Gogo.

"Mimi nilitunga maua tu," alisema. "Chumvi alikuja nayo yeye, Ijumaa ile, humo mfukoni. Tulikuwa tumeshapanga kila kitu kwa simu kabla hajafika getini kunigombeza."